Namba 18 kwenye kasha la gemu inamzuia nani?

SWALI: "Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga. Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo aliwaletea wapwa zake mashine ya gemu, PS4, aliyokuwa akiitumia mwenyewe, pedi mbili na sidii mbili: moja ya mpira, EA Sports FC 24, nyingine Grand Theft Auto V. Hiyo ya pili ina namba 18 kwenye mraba mwekundu. Mwanangu mkubwa, Ilyas, ana miaka 11. Nilipouliza, mjomba mtu akasema hizo namba ni za maduka ya Ulaya, watoto wote wanacheza na hawajawa majambazi. Mume wangu naye anasema kama namba zingekuwa na maana, mashine ingekataa yenyewe. Je, hizi namba zinafanya kazi kweli, au ni pambo la kasha?" – Mama Ilyas, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, Mama Ilyas. Nianze na neno la mume wako, maana amegusa penyewe. Mashine ile ina uwezo wa kukataa. Imetengenezwa isome namba ya gemu, iilinganishe na umri wa mwenye akaunti, na igome kuifungua kama umri hautoshi. Kwako haijagoma kwa sababu kaka yako aliitumia kabla ya kuileta, na bila shaka akaunti yake bado imo. Kila jioni Ilyas akibonyeza picha ya mjomba kwenye skrini, PS4 inaamini aliyekaa sebuleni kwako ni mwanamume mtu mzima wa Muscat. Swali la umri limeulizwa na limejibiwa, ila kwa umri wa mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza kama namba zinafanya kazi, nitakujibu kwamba zinafanya pale penye mtu anayezisimamia, na kwamba huku kwetu huyo mtu mara nyingi hayupo. Nitakueleza kwa nini, kisha tuone cha kufanya hapo nyumbani.

Namba hizi zilizaliwa kwa hofu kama yako. Desemba 1993 maseneta wa Marekani, wakiongozwa na Joe Lieberman na Herb Kohl, waliita kikao juu ya gemu mbili zilizokuwa zikilalamikiwa na wazazi, Mortal Kombat na Night Trap. Katika ile ya kwanza mshindi anaweza kumng'oa mwenzake kichwa pamoja na uti wa mgongo. Watengenezaji waliona serikali inakaribia kuwatungia sheria, wakawahi wenyewe: mwaka 1994 wakaunda bodi ya ESRB, yenye herufi kama E kwa wote, T kwa miaka 13 na M kwa miaka 17. Ujerumani nayo ilianza na bodi yake, USK, mwaka huo huo. Ulaya iliyobaki ilipata PEGI mwaka 2003, na mraba wako mwekundu ni wa PEGI. Kijani ni 3 na 7, rangi ya chungwa ni 12 na 16, nyekundu ni 18.

Geuza kasha uangalie nyuma. Utaona vipicha vidogo vyeusi: ngumi ni ukatili, buibui ni vitisho, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari, mkono ulioshika kadi ni kununua vitu kwa pesa halisi ndani ya gemu. Wazazi wengi huishia kwenye namba. Mimi husoma vipicha kwanza, kwa sababu 12 ya ngumi na 12 ya ununuzi ni mazungumzo mawili tofauti na mtoto.

Sasa hiyo 18 yako. Haikubandikwa kwa kubahatisha. Grand Theft Auto V ina hatua ambayo mchezaji anapewa mtu aliyefungwa kwenye kiti na meza ya vifaa, amtese hadi aseme. Si sinema ambayo mtoto anaweza kufumba macho. Yeye mwenyewe ndiye anayechagua kifaa, na akichagua koleo anachezesha kijiti cha pedi mpaka jino ling'oke. Na hatua hiyo imo ndani ya hadithi kuu ya gemu. Ndani ya gemu hiyo hiyo mna kilabu ya wanawake wanaovua nguo, mna dawa za kulevya, na matusi hayana idadi. Waliopanga namba waliyaona hayo. Mjomba akisema ni mambo ya maduka ya Ulaya, mwombe acheze hatua hiyo ukiwa umekaa pembeni yake, kisha aseme tena.

Kwamba namba inasema kweli, basi, sina shaka nalo. Swali ni nani anaitii. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa ikituma watoto madukani bila mzazi wajaribu kununua gemu za M. Mwaka 2000 watoto 85 katika kila 100 waliuziwa. Ripoti ya mwaka 2013 ilikuta wameuziwa 13 tu katika 100, chini kuliko waliofanikiwa kukata tiketi za filamu za R, zinazotaka aliye chini ya miaka 17 aende na mtu mzima, ambao walikuwa 24. Na hakukuwa na sheria iliyowalazimisha wenye maduka. Jimbo la California lilitunga moja mwaka 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa mwaka 2011 kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikisema gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu. Kilichobadilika ni maduka yenyewe. Muuzaji alifundishwa kuomba kitambulisho, na mashine ya malipo ikamkumbusha kila alipopitisha kasha lenye M. Uingereza ilikwenda mbali zaidi, tangu Julai 2012 kumuuzia mtoto gemu ya 12, 16 au 18 wakati umri wake haujafika ni kosa la jinai. Ujerumani iliipa namba nguvu ya sheria mwaka 2003.

Kwa hiyo namba ile ile, karatasi ile ile, imewahi kushindwa kwa watoto 85 na imewahi kushindwa kwa 13. Tofauti ilikuwa ni binadamu aliyesimama nyuma ya kaunta.

Huku kwetu kaunta hiyo sijawahi kuiona. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2006, nilikaa miezi minane nikisimamia kibanda cha gemu cha jirani yetu Temeke. Tulikuwa na PS2 nne, zote zimechipiwa zisome sidii za kunakili, TV nne za chogo, na benchi mbili za mbao. Sidii zetu zilikuja kutoka Kariakoo kwenye mfuko wa nailoni, hazina kasha, juu yake mtu ameandika kwa kalamu nene ya buluu: "GTA SAN", "WWE", "MPIRA 06". Mtoto wa darasa la tatu aliweka shilingi 100 mkononi mwangu, akanyoosha kidole kwenye ile GTA SAN, nami nikamwekea. Nilikuwa na miaka 18. Namba sikuijua kwa sababu haikuwahi kunifikia. Ilibaki kwenye kasha la kwanza, huko mbali, kabla sidii haijanakiliwa mara ya mia.

Baadaye sana ndipo nilipojua gemu ile ilikuwa imezua nini kwao. Juni 2005 wachezaji waligundua kwamba ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas, ndiyo ile GTA SAN yetu, kulikuwa na sehemu ya ngono ambayo watengenezaji waliifunga lakini hawakuifuta. ESRB ilikuwa imeipa M bila kuoneshwa sehemu hiyo. Ikaipandisha hadi AO, yaani watu wazima tu, na maduka makubwa yakaitoa rafuni. Tangu hapo mtengenezaji anatakiwa kutaja hata kilichofungwa ndani ya sidii. Maduka ya Marekani yalikuwa yameshaitoa, mimi bado nawawekea watoto wa Temeke, na yule wa darasa la tatu bado namkumbuka sura yake.

Vibanda bado vipo, hata huko Ngamiani sidhani utakosa. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya gemu imehamia kwenye simu, na kwenye simu namba inapatikana kwa njia nyingine kabisa. Tangu mwaka 2015 duka la Google Play linatumia mfumo uitwao IARC. Aliyetengeneza gemu anajaza fomu ya maswali: kuna damu, kuna matusi, kuna kamari, watumiaji wanaongea wao kwa wao? Akimaliza, kompyuta inatoa namba kwa nchi zote kwa mpigo. Hakuna anayeketi kuicheza kabla. Bodi hukagua baadhi baadaye na kurekebisha, lakini kwa wingi wa gemu zinazoingia kila siku, mwanzo wake ni kuaminiana na mwenye bidhaa. Ndiyo maana namba ya kwenye kasha naiamini kuliko ya kwenye simu.

Halafu kuna njia za panya. Watoto wetu wanarushiana gemu kwa Xender na Bluetooth, na faili ikipita huko haikanyagi Google Play wala haionani na namba. Na hata pale umri unapoulizwa, anayejibu ni mtoto mwenyewe. Nilimwangalia mpwa wangu wa miaka tisa akifungua akaunti. Ilipofika sehemu ya mwaka wa kuzaliwa hakusoma chochote, alisukuma kile kigurudumu kwa kidole gumba kama anayezungusha gurudumu la baiskeli, kikasimama mwaka 1987, akabonyeza endelea. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa. Akasema, "Mjomba, ukiweka mwaka wako inakataa." Mtoto yule aliujua mfumo vizuri kuliko mama yake. Alijua kwamba ukiuambia ukweli, unafanya kazi.

Kwa PlayStation, yaani mashine kama hiyo PS4 yenu, tuna tatizo jingine linalotuhusu sisi hasa. Sony, kampuni inayoitengeneza, haijaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti, Kenya vilevile. Kwa hiyo mafundi hutufungulia akaunti za Uingereza, Afrika Kusini au Ghuba, na kwa sababu akaunti ya mtoto inahitaji ya mzazi iliyothibitishwa, fundi hurahisisha kazi kwa kuandika umri wa mtu mzima. Hajakusudia ubaya. Lakini kwa kitendo hicho ulinzi wote uliomo ndani ya mashine unazimika siku ya kwanza, na mzazi hajui kwamba uliwahi kuwepo.

Umeniuliza juu ya 18, nami naomba nikurudishe kwenye ile sidii uliyoiona salama. FC 24 ina 3 ya kijani. Kwa mpira wenyewe ni sawa kabisa, hakuna baya uwanjani. Lakini ndani yake kuna sehemu ambayo mchezaji hununua pakiti za wachezaji bila kujua atakayempata. Unalipa, pakiti inafunguka kwa mwanga na mbwembwe, unapata beki usiyemhitaji, unatamani kufungua nyingine. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema pakiti za namna hii ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni yenye gemu hiyo, EA, ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Ujerumani iliiangalia FC 24 hiyo hiyo ikaipa 12, kwa sababu ya manunuzi na msukumo wa kuendelea kununua. Sidii moja, mwaka mmoja, jirani na jirani: huku 3, kule 12. PEGI ilikuwa inapima kilichomo uwanjani, Wajerumani wakapima na mfuko wa mzazi. Mimi niko na Wajerumani. Kama kadi ya benki ya kaka yako bado imo kwenye akaunti ile, mpigie leo aitoe.

La pili ambalo namba haioni ni watu. Hakuna bodi inayoweza kukupa umri wa maneno ambayo mgeni atamwambia mwanao usiku wa leo kupitia maiki. ESRB wenyewe huandika wazi kwamba mawasiliano ya mtandaoni hawayapimi. Fortnite, kwa mfano, ni 12 kwa PEGI, na kwa risasi zake za katuni bila damu namba hiyo inastahili. Lakini Desemba 2022 kampuni yake, Epic Games, ilikubali kulipa dola milioni 520 baada ya FTC kuishtaki. Kati ya hizo, milioni 275 zilitokana na faragha ya watoto, na moja ya hoja ilikuwa kwamba maongezi ya sauti na maandishi yaliachwa wazi tangu mwanzo, watoto wakikutanishwa na watu wasiowajua. Zilizobaki, milioni 245, zilikuwa za kuwarudishia watu pesa walizokatwa kwa vitufe vilivyopangwa kuwakosesha. Mzazi aliyefuata namba kwa uaminifu wote asingeyaona mawili hayo kwenye kasha.

Mjomba amesema watoto hawajawa majambazi. Hapo nitamuunga mkono nusu. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, mwaka 2020 kilisema ushahidi hautoshi kuhusisha gemu za ukatili na uhalifu wa kweli, na kwamba uhusiano uliopo ni mdogo, wa mambo kama kufokeana na kusukumana. Kwa hiyo usilale ukiogopa kwamba Ilyas atageuka jambazi. Sababu yangu ya kumwondolea gemu ile ni nyepesi kuliko hiyo na inanitosha: ana miaka 11, na hajawa na mahali ndani yake pa kuweka mtu aliyefungwa kitini anang'olewa meno. Kuna vitu tunawafichia watoto si kwa kuwa vitawageuza wabaya, bali kwa kuwa bado ni mapema.

Tahadhari moja ya namna ya kuongea naye. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2009 uliwaonesha watoto wa miaka 7 hadi 17 maelezo ya gemu zilizobandikwa namba tofauti. Gemu ikiandikwa umri unaozidi wao, waliitamani zaidi, hata wadogo wa miaka saba. Kwa hiyo ukimwambia tu "hii ni ya miaka 18, usiiguse", umeitangaza biashara. Mwambie kilichomo. Mtoto wa miaka 11 anaelewa akiambiwa, "Mna sehemu unalazimishwa kumtesa mtu, sitaki uifanye hiyo kwa mikono yako." Kisha muulize kama ameshaifikia. Anaweza kuwa ameifikia, na akawa anangoja mtu wa kumwambia.

Kwenye mashine, fanya hivi jioni moja ukiwa na nafasi, watoto wakiwa chuoni. Fungua akaunti yako wewe ya mzazi, halafu chini yake ya Ilyas, kwa mwaka wake halisi wa kuzaliwa. Nchi chagua ile ile aliyotumia kaka yako, ili isikusumbue. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya udhibiti wa wazazi, uweke kiwango cha umri wake, uzime maongezi na wageni, na kikomo cha matumizi ya mwezi kiache sifuri. Nywila ya mwanzo ya PS4 ni 0000, na watoto wote wa mtaani wanaijua, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kitu kingine chochote, wala usiweke mwaka wa ndoa yenu. Kisha zuia kuongeza watumiaji wapya na kuingia kama mgeni, usipofanya hivyo atafungua jina jingine ndani ya dakika mbili. Akaunti ya mjomba ifute kwenye mashine. Ukimaliza, tia sidii ya GTA ukiwa kwenye jina la Ilyas. Itagoma. Mwite mume wako aje aone.

Kwa simu, kama anatumia yako, weka PIN kwenye udhibiti wa wazazi wa Google Play, lakini ujue haitagusa gemu zilizokwisha kuingia, hizo zipitie mwenyewe moja moja. Kama ana ya kwake, mfungulie akaunti ya mtoto kwa Family Link, programu ya Google ya wazazi, na uzime usakinishaji kutoka vyanzo visivyojulikana. Hapo ndipo mlango wa Xender unapofungwa.

Kibanda hutakiweza kwa mipangilio. Nenda. Mama mmoja alinijia Temeke mwaka ule, akasimama mlangoni na kikapu cha sokoni, akatazama TV zote nne bila kusema neno, kisha akaniuliza kwa upole yule mtoto anayepigana na polisi ni wa nani. Hakunigombeza. Kuanzia siku ile nilizitoa GTA mchana, nikaziacha kwa wakubwa baada ya saa mbili usiku, na tajiri wangu hakupoteza hata mteja mmoja, kwa sababu mchana watoto walicheza mpira.

Na sidii yenyewe usiivunje wala usiifiche juu ya kabati, Ilyas anajua kupanda kiti. Mrudishie kaka yako akija tena, au iuze, na pesa hiyo umpe Ilyas achague nyingine mbele yako, yeye akisoma vipicha vya nyuma ya kasha na kukueleza maana yake kimoja kimoja.